Masomo kwa Njia ya Mtandao: Faida Zake kwa Mtoto wa Askari, na Sharti Lake

Katika kazi ya askari na ya polisi, uhamisho ni jambo la kawaida. Amri hufika, mizigo hufungwa, na kabla ya juma kwisha mtu aliyekuwa na zamu mjini Gitega hujikuta anaripoti Muyinga, upande wa mpaka wa Tanzania. Mwenyewe aliapa kutii, naye hutii. Lakini amri hiyo huwafikia pia watu ambao hawakula kiapo chochote, nao ni watoto wake walioko shuleni. Uhamisho haungoji muhula umalizike, wala haujui kwamba juma lijalo kuna mtihani wa hisabati.

Makala haya yanakusudia kueleza faida ambazo mwanafunzi wa shule ya sekondari, hasa mtoto wa askari, aweza kuzipata katika masomo yatolewayo kwa njia ya mtandao wa intaneti. Kadhalika yataeleza sharti moja ambalo lisipotimizwa faida hizo hupotea kama maji ya pakacha. Yanawahusu pia askari wenyewe, maana wako walioingia kazini kabla ya kumaliza sekondari, na ambao hata leo wanatamani kuimaliza.

MWAKA UNAOPOTEA NJIANI

Tangu mageuzi ya elimu yaliyoanza mwaka 2013, mtoto wa Burundi husoma miaka tisa ya elimu ya msingi, kisha akifaulu huingia katika elimu ya baada ya msingi, ambayo kwa mkondo wa kawaida ni miaka mitatu. Mwisho wake ni Mtihani wa Taifa, ambao ndio mlango wa kuingilia chuo kikuu. Miaka mitatu si mingi. Anayepoteza muhula mmoja amepoteza sehemu moja ya tisa ya safari yote, na aghalabu sehemu hiyo ndiyo iliyobeba msingi wa yale yanayofuata.

Tuchukue mfano. Tuseme sajini mmoja anahamishwa mwezi wa Januari, naye ana binti aliye katika mwaka wa pili wa elimu hiyo. Huko Gitega mwalimu wa hisabati alikuwa bado hajafika kwenye logarithi. Muyinga darasa limekwisha zimaliza na limeingia sura nyingine. Katika fizikia mambo ni kinyume: anakokwenda wanaanza yale ambayo yeye amekwisha kuyasoma. Tena huenda mchepuo aliokuwa akiusoma haupo kabisa katika shule iliyo karibu na makazi mapya ya baba yake.

Mzazi wa namna hiyo alizoea kuwa na njia mbili tu. Ya kwanza ni kumwacha binti Gitega kwa shangazi yake, na kuzitunza nyumba mbili kwa mshahara mmoja. Ya pili ni kusafiri naye kwa barabara ya Karuzi, na kumwomba Mungu amjalie kulifikia darasa. Wako waliolifikia. Wako pia waliorudia mwaka. Na wako mabinti ambao baada ya kurudia mwaka hawakuendelea tena.

Masomo ya mtandao yanamletea mzazi huyu njia ya tatu. Binti anaingia shule mpya ya Muyinga kama kawaida, anavaa sare, anakaa mbele ya mwalimu. Lakini jioni, kwa muda wa miezi miwili au mitatu, anaifuata sura ile ya logarithi aliyoikosa, kwa kutumia simu au kompyuta, mpaka pengo lizibwe. Anabaki kuwa mwanafunzi wa shule yake, na mtandao unakuwa daraja la kumvusha mahali palipobomoka.

SOMO LA MTANDAO NI KITU GANI

Yafaa tufafanue, kwa sababu jina hili moja hubeba mambo matatu yaliyo tofauti. La kwanza ni darasa la moja kwa moja, ambamo mwalimu na wanafunzi hukutana kwa saa moja iliyopangwa, kila mmoja akiwa mahali pake, wakionana na kusikizana. La pili ni somo lililorekodiwa, ambalo mwanafunzi hulitazama wakati wowote apendao. La tatu ni somo la maandishi pamoja na mazoezi, ambalo mwanafunzi hulisoma, hujibu maswali, na papo hapo huambiwa wapi amepata na wapi amekosa.

Darasa la moja kwa moja lahitaji umeme na mtandao usiokatika. Aina mbili zilizobaki hazina masharti hayo: hupakuliwa mara moja, huhifadhiwa, na hutumika hata pale ambapo hakuna mtandao kabisa. Kwa mtu wa Gitega, na zaidi kwa mtu wa Muyinga, tofauti hii ni kubwa, nasi tutairudia mbele.

MAFUNZO YA MBALI SI MAMBO MAGENI KWA ASKARI

Pengine msomaji atadhani kwamba haya ni mambo ya jana tu. La hasha. Mnamo mwaka 1840 Mwingereza Isaac Pitman alianza kufundisha hatimkato kwa kadi za posta: alituma zoezi, mwanafunzi akalifanya, akalirudisha, likasahihishwa.

Majeshi nayo yaliona faida hiyo mapema. Mwaka 1942, katikati ya Vita Kuu ya Pili, Jeshi la Marekani lilianzisha mjini Madison, katika jimbo la Wisconsin, taasisi ya kuwafundisha wanajeshi kwa njia ya posta, ambayo baadaye iliitwa United States Armed Forces Institute. Vijana wengi walikuwa wameacha shule ili kwenda vitani. Masomo ya sekondari yaliwafuata kambini na katika visiwa walikopigana. Mwaka huo huo ukatungwa mtihani maalumu, ujulikanao hadi leo kwa jina la GED, ili askari arudipo nyumbani aweze kuthibitisha kuwa ana elimu ya kiwango cha sekondari bila ya kulazimika kukaa tena na watoto darasani. Taasisi ile ilidumu mpaka mwaka 1974.

Jirani zetu wa Tanzania walitumia redio. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wapatao milioni mbili, waliokusanyika katika vikundi vijijini kusikiliza mafunzo ya usafi na kinga ya magonjwa. Yafaa tutambue jinsi ilivyopangwa: watu hawakuachwa kila mmoja na redio yake. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa, kitabu cha kufuata, na siku maalumu ya kukutana. Baadaye, mwaka 1992, Tanzania iliunda Chuo Kikuu Huria, ambacho mtu aliye kazini husoma bila ya kuacha kazi.

Hata lugha hii tunayoiandika ina historia ya kambini. Wajerumani walipoifanya Gitega makao ya utawala wao mwaka 1912, askari wao waliokuwa wakisema Kiswahili walikuja nacho. Kiswahili kilisafiri pamoja na askari. Sasa ni zamu ya masomo.

FAIDA ZENYEWE

Faida ya kwanza tumekwisha itaja: somo humfuata mwanafunzi. Mlinganyo wa daraja la pili ni ule ule Gitega, Muyinga, Dar es Salaam na Paris.

Faida ya pili ni kwamba somo hukubali kurudiwa. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi darasani hawezi kusimama kwa ajili ya mmoja aliyeachwa nyuma. Na mwanafunzi mgeni, hasa binti, huona haya kuinua mkono na kukiri kwamba hakuelewa. Somo lililorekodiwa halichoki wala halicheki. Litarudiwa mara tano, na hakuna atakayejua.

Faida ya tatu yahusu upungufu wa walimu. Shule ikikosa mwalimu wa kemia kwa muhula mzima, wanafunzi wake hawakosi akili. Wamekosa mtu wa kuwaeleza. Somo zuri la mtandao haliwezi kuwa badala ya maabara, maana asidi haionjwi kwa picha, lakini laweza kueleza nadharia vizuri na kumwokoa mtoto asiingie katika Mtihani wa Taifa mikono mitupu.

Faida ya nne ni lugha. Mtoto wetu husoma kwa Kifaransa, hufundishwa Kiingereza, na nyumbani Gitega au Muyinga huenda akasema Kirundi na Kiswahili. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na lugha hizi zote sasa zina kazi. Masomo ya hisabati na sayansi ya Khan Academy, ambayo ni ya bure, yanapatikana kwa Kiingereza na kwa Kifaransa. Nchini Tanzania Shule Direct, iliyoanza mwaka 2013, hutoa masomo ya sekondari kwa njia ya mtandao.

Hapa panahitajika tahadhari. Mtaala wa Tanzania au wa Ufaransa si mtaala wa Burundi. Aljebra, jometri, fizikia na sarufi zaweza kuazimwa kokote bila ya hasara. Lakini historia, jiografia na uraia hufuata programu ya nchi, na mtoto atakayesoma historia ya watu wengine hataulizwa hiyo siku ya mtihani. Kwa hiyo kitabu cha shule kibaki mezani, na mtandao uwe msaidizi wake.

Faida ya tano ni ya mzazi aliye mbali. Askari wa Burundi walihudumu Somalia tangu mwishoni mwa mwaka 2007 hadi mwaka 2024. Miaka mingi hiyo baba au mama aliweza kuuliza kwa simu, "Masomo yanaendaje?" na kujibiwa, "Vizuri." Zoezi lililofanywa katika mtandao huacha alama na tarehe. Mzazi aliye lindoni aweza kutumiwa matokeo hayo, akayasoma mwenyewe, na akajua la kuuliza.

YALIYOONEKANA MWAKA 2020

Ulipotokea ugonjwa wa korona mwaka 2020, dunia nzima ililazimika kuyajaribu masomo ya mbali. Burundi ilikuwa miongoni mwa nchi chache sana ambazo hazikufunga shule. Tanzania ilizifunga mwezi wa Machi na kuzifungua zote kufikia mwisho wa Juni. Kenya ilitangaza masomo kwa redio na televisheni. Uganda ndiyo iliyofunga kwa muda mrefu kuliko nchi zote: tangu Machi 2020, na ingawa baadhi ya madarasa yalirejea katikati, shule hazikufunguliwa kikamilifu mpaka tarehe 10 Januari 2022.

Funzo lililopatikana huko ni chungu. Mtoto aliyekuwa na simu nzuri, umeme, na mtu mzima wa kumhimiza, aliendelea. Mtoto asiyekuwa na hayo alikaa nyumbani, au alikwenda kufanya kazi, na wengine hawakurudi. Basi asitokee mtu akatuambia kwamba mtandao waweza kuiondoa shule. Mahali pa mtandao ni ubavuni mwa shule.

Uko pia ushahidi unaoonyesha kwamba chombo peke yake hakifundishi. Nchini Peru serikali iligawa mamia ya maelfu ya kompyuta ndogo kwa watoto wa shule. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2012 kuhusu shule za msingi za vijijini haukuona maendeleo yoyote katika hisabati wala katika lugha yaliyotokana na kompyuta hizo. Watoto walikuwa na mashine. Hawakuwa na mpango wala mtu wa kuwaongoza.

Sasa tutazame Botswana. Shule zilipofungwa mwaka 2020, familia zipatazo 4,500 zenye watoto wa shule ya msingi ziliingizwa katika jaribio. Baadhi zilipelekewa maswali ya hesabu kwa ujumbe mfupi wa simu. Nyingine zilipelekewa ujumbe huo huo, na zaidi ya hapo kila juma mfunzi alipiga simu ya dakika 15 hadi 20, akazungumza na mzazi na mtoto juu ya maswali yale. Waliopata ujumbe pamoja na simu walijifunza kwa kiasi kilichoonekana wazi. Waliopata ujumbe tu, faida yao haikuonekana. Watoto wale ni wadogo kuliko wetu wa sekondari, lakini kanuni iliyodhihirika ni ya kila umri: mwanafunzi husoma anapojua kwamba yuko mtu atakayemuuliza.

SHARTI: AWEPO MSIMAMIZI

Hilo ndilo sharti tulilolitaja mwanzoni. Hakuna watu wanaopaswa kulielewa upesi kuliko wasomaji wa ukurasa huu. Askari anajua kwamba lindo lisilo na zamu iliyoandikwa si lindo. Anajua kwamba silaha isiyokaguliwa hupata kutu. Somo la mtandao nalo hutaka mambo matatu ya kiaskari: ratiba, zamu na ukaguzi.

Ratiba ni saa ile ile kila siku, tuseme saa moja hadi saa mbili za usiku, siku tano za juma. Zamu ni mtu mzima mmoja aliye karibu: mama, kaka mkubwa, au mwalimu mstaafu. Si lazima ajue logarithi. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba simu inatumika kwa somo, wala si kwa nyimbo na mipira. Ukaguzi ni daftari. Kila somo liandikwe kwa mkono: tarehe, kichwa cha somo, mazoezi, na swali ambalo mwanafunzi hakulielewa. Swali hilo hupelekwa kesho yake kwa mwalimu wa shule.

Na mzazi aliye mbali asijione kuwa hana nafasi. Ikiwa simu ya dakika ishirini kwa juma ilileta tofauti Botswana, kwa nini isilete tofauti kati ya Muyinga na Gitega? Badala ya kuuliza tu kama masomo yanaendelea, aseme: "Nifungulie ukurasa wa leo, nisomee swali la tatu, unieleze ulivyolifanya." Mtoto anayeweza kueleza amejifunza. Anayeshindwa amejua pa kurudia.

UMEME NA GHARAMA

Wapo watakaosema: haya ni maneno mazuri, lakini umeme uko wapi? Hoja yao ni ya kweli. Katika miaka ya karibuni ni takriban Mrundi mmoja tu kati ya kumi aliyekuwa na umeme nyumbani. Hata hivyo hali haikusimama. Mwaka 2021 kituo cha umeme wa jua chenye nguvu ya megawati 7.5 kilianza kazi Mubuga, katika mkoa wa Gitega. Bwawa la Rusumo katika mto Kagera, lenye megawati 80, lilijengwa ili nguvu yake igawanywe sawasawa baina ya Burundi, Rwanda na Tanzania. Na mkongo wa Burundi Backbone System ulijengwa ili kufika katika miji ya mikoa. Muyinga ilikuwa makao ya mkoa mpaka mpango mpya wa utawala ulipoanza kutumika mwaka 2025. Sasa ni tarafa katika mkoa wa Buhumuza.

Gharama ya intaneti nayo hupungua sana mtu akijua hesabu yake. Somo la video la saa moja, lililorekodiwa kwa ubora wa chini, laweza kutumia megabaiti zipatazo 225. Somo hilo hilo kwa sauti tu latumia kama 29. Maandishi ya sura nzima, bila ya picha nyingi, hayafiki tano. Basi wanafunzi 40 wa kambi moja wakiitazama video hiyo kila mmoja kwa simu yake, watatumia gigabaiti 9. Lakini mmoja akiipakua mara moja, na wengine wakainakili kutoka kwake, kambi nzima imetumia megabaiti 225 tu. Memori kadi moja ya gigabaiti 32 hubeba video za namna hiyo za zaidi ya saa 130, ambazo ni masomo ya muhula mzima na ziada.

Jambo hili limekwisha fanyika, tena si mbali na Muyinga. Mwaka 2014 shirika la Ufaransa liitwalo Bibliothèques Sans Frontières lilileta masanduku yake ya kwanza ya Ideas Box katika kambi za wakimbizi wa Kongo za Kavumu, Cankuzo, na Bwagiriza, Ruyigi, ambazo leo zote ziko katika mkoa huo huo wa Buhumuza. Ni maktaba inayobebeka: masanduku yake hufunguliwa kwa muda mfupi, na ndani mna vitabu, kompyuta, skrini ya sinema, na masomo yaliyohifadhiwa ambayo hayahitaji intaneti. Ikiwa kambi ya wakimbizi iliweza kuwa na darasa la namna hiyo, kambi ya askari yaweza pia.

Wala si lazima kungoja sanduku kutoka Ulaya. Iko programu ya bure iitwayo Kolibri, iliyotolewa mwaka 2017 na shirika la Learning Equality, ambayo huwekwa katika kompyuta moja, hata ikiwa ya zamani. Kompyuta hiyo huwagawia masomo wanafunzi waliomo chumbani kwa simu zao, bila ya intaneti hata kidogo. Chumba chenyewe nacho si tatizo. Mjini Muyinga kulijengwa maktaba iliyomalizika mwaka 2012, kwa ajili ya shule ya watoto viziwi, kwa matofali ya udongo ulioshindiliwa, mbao za mikalitusi na vigae vya kuchomwa hapo hapo, na ndani yake likatandikwa jarife kubwa la kamba za mkonge ambalo watoto hulikalia wakisoma. Ilitumia udongo wa mahali pale na mikono ya watu wa pale. Askari wanaojua kujenga mabweni hawashindwi kujenga chumba cha kusomea.

TAHADHARI ZA USALAMA

Askari na polisi wana sababu zaidi ya raia wengine za kuwa waangalifu katika mtandao. Kwanza, mtoto anayesoma asitumie simu ya kazi ya mzazi wake. Simu hiyo ina majina, namba na habari ambazo si zake. Pili, asipige picha za kambi, za magari wala za sare na kuzituma kwa wenzake wa darasani, hata kwa mzaha. Na kile kinachoonyesha mahali simu ilipo kifungwe. Tatu, binti au kijana asikubali mazungumzo ya faragha na mtu ajiitaye mwalimu ambaye mzazi hamfahamu. Polisi wanajua jinsi walaghai wanavyoanza kwa wema.

Nne, kuna shule za uwongo. Ukiona tangazo linaloahidi shahada ya sekondari kwa majuma machache, bila ya mtihani, kwa kutuma fedha kwa simu, jua kwamba ni wizi. Shahada ya serikali hutolewa na serikali baada ya mtihani wa serikali. Masomo ya mtandao humwandaa mtu kwa mtihani, hayamfanyii mtihani.

KWA ASKARI MWENYEWE

Tumesema kwamba makala haya yanawahusu pia askari wenyewe. Kijana aliyeingia jeshini au katika polisi akiwa na elimu ya msingi tu ana miaka mingi ya kazi mbele yake. Kazi ya leo humtaka aandike ripoti iliyo wazi, asome ramani, afahamu sheria, na pale mpakani Kobero aseme na wasafiri kwa lugha zaidi ya moja. Saa za usiku baada ya zamu ni chache, lakini saa moja kwa siku, siku tano za juma, ni saa 260 kwa mwaka. Haba na haba hujaza kibaba.

Kabla ya kuanza, na aende katika ofisi ya elimu ya mahali alipo, aulize ni masharti gani yanayomhusu mtu mzima anayetaka kumaliza sekondari, na apate programu rasmi ya masomo. Kisha ndipo atafute masomo ya mtandao yanayolingana na programu hiyo. Akifanya kinyume, akaanza na mtandao, atajifunza mengi yasiyoulizwa.

LA KUFANYA SASA

Hatuombi mambo makubwa. Tunawaomba wakuu wa kambi na wa vituo vya Gitega na Muyinga watenge chumba kimoja, taa moja na kompyuta moja. Wamteue mtu mmoja wa kusimamia. Na mtoto anapohamishwa, orodha ya sura alizozisoma na alizozikosa isafiri pamoja na barua ya uhamisho ya mzazi wake, ili chumba cha masomo cha kambi apokelewapo kimwekee yale yaliyopungua. Karatasi moja iliyotiwa sahihi na mwalimu wa shule anayotoka yatosha.

Tunawaomba wazazi waandike ratiba na kuisimamia. Na tunawaomba ninyi vijana mnaosoma makala haya juu ya bega la baba au mama mkumbuke kwamba simu mliyoishika yaweza kuwa shule, na yaweza kuwa shimo la kupotezea miaka mitatu ambayo haitarudi.

Mzazi wenu hawezi kuikataa amri ya uhamisho. Aweza, hata hivyo, kuhakikisha kwamba amri hiyo haiwakatizi masomo. Zamani hilo lilihitaji fedha za kuendesha nyumba mbili. Leo lahitaji memori kadi, daftari, saa moja ya kila jioni, na mtu wa kuuliza, "Leo umejifunza nini?"